Shajara ya mradi: kompyuta mbili, kazi moja

Januari 6, 2026

Naanza shajara hii nikiwa na hasira, maana jana nimefuta kurasa 14 kwa mkono wangu mwenyewe.

Nafanya kazi ya kutafsiri na kuhariri hapa Morogoro: mikataba, hukumu, vyeti, na vitabu vya mafunzo ya kilimo bahati ikiniangukia. Ofisini mjini nina kompyuta ya mezani yenye Windows 11. Nyumbani Kihonda nina laptopu kuukuu. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, laptopu hiyo haikukidhi masharti ya Windows 11, basi fundi akaniwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Inakwenda vizuri kuliko zamani. Mjumbe kati ya mashine hizi mbili ni flashi ya GB 32 inayoishi mkobani pamoja na funguo na maganda ya karanga.

Juzi usiku nilitafsiri nyumbani moja kwa moja ndani ya flashi. Jana asubuhi nafika ofisini, mteja yuko hewani, mkono mmoja umeshika simu na wa pili umeshika kipanya, nikaburuta folda. Windows ikauliza kama iyafunike mafaili yenye majina yaleyale. Nikabonyeza ndiyo, kama ninavyobonyeza kila siku. Kumbe nimeburuta kutoka ofisini kwenda kwenye flashi. Kurasa 14 za mkataba wa ubia zikafunikwa na nakala ya Ijumaa, na kwenye laptopu hakukuwa na kitu.

Nimezirudia zote leo, tangu saa kumi alfajiri.

Basi mradi ni huu: nipate huduma ya wingu, yaani ya kuweka mafaili kwenye seva za mtandaoni, itakayosawazisha kompyuta hizi mbili bila mimi kukumbuka lolote. Ikubali Windows na Linux. Isinimalizie bando. Bei iwe ndogo, na ikiwa sifuri ni heri zaidi.

Januari 8

Fundi wa ghorofa ya chini amepanda kuja kunitazama. "Dada, hapo chukua yoyote tu, zote ni zilezile."

Nikaanza kama anavyoanza kila mtu, kwa kulinganisha ukubwa wa bure, kama mtu anayechagua sufuria sokoni. MEGA wanatoa GB 20. Google Drive GB 15, ila hizo unagawana na barua pepe zako za Gmail na picha zako. OneDrive GB 5. Dropbox GB 2, na akaunti ya bure haikubali vifaa zaidi ya vitatu. Kwa hesabu hiyo Dropbox ndiye wa mwisho darasani.

Ila sharti la Linux limepunguza orodha haraka. Google na Microsoft hawana programu yao rasmi ya kusawazisha kwenye Linux. Njia za pembeni zipo, rclone mojawapo, lakini sitaki kazi ya wateja itegemee njia ambayo nikikwama usiku sijui nimuulize nani. Wamebaki MEGA, Dropbox, pCloud ya Uswisi, na Nextcloud. Nextcloud ni programu huria iliyojitenga na ownCloud mwaka 2016, nayo unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Seva sina, na wa kuiangalia sina. Nimeifuta.

Januari 10

Kabla ya kuchagua kapu, nimepima mzigo. Folda yangu ya kazi ina GB 41.

Kasi ya kupakia kwa mtandao wa nyumbani, nimepima mara tatu, ni kama megabiti 2 kwa sekunde. Wauza mtandao wanahesabu kwa megabiti, mafaili yanahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 2 ni MB 0.25 tu kwa sekunde. Chukua MB 41,000 ugawe kwa 0.25: sekunde 164,000, yaani zaidi ya saa 45 mfululizo, umeme usikatike, mtandao usiyumbe, bando lisiishe. Nimecheka peke yangu.

Nikafungua folda kuona kuna nini humo. Vyeti vilivyoskaniwa tangu 2014. Sauti za vikao nilivyonakili kwa maandishi na kulipwa zamani. Kitabu cha ufugaji wa kuku chenye picha kubwa kubwa, kimetoka kiwandani miaka sita iliyopita. Nimetenga kila ninachokigusa sasa hivi, yaani kazi ambazo hazijalipwa, istilahi zangu na kumbukumbu za tafsiri. Zimefika GB 1.4. Basi! Hizo zinapakiwa kwa saa moja na nusu.

Kumbe nilikuwa natafuta lori la kubebea mkoba. Nimeunda folda mbili, KAZI na KABATI. Aliyekuwa wa mwisho darasani amerudi kwenye mashindano.

Januari 12

Huduma ya kwanza niliyoijaribu sitaitaja jina, maana nilikuwa nayo siku mbili tu na huenda mpangilio niliukosea mimi. Imefunguka vizuri, alama ya kijani imetokea, mafaili yakaonekana pande zote mbili. Nimeanza kazi saa mbili usiku. Saa nne kasorobo ujumbe ukaingia kwenye simu: bando lako linakaribia kwisha. Bando la wiki! Nimeliweka jana!

Nilitafuta mchawi mpaka saa tano. Mchawi ni faili moja. Natumia OmegaT, programu huria ya kusaidia utafsiri. Kila sentensi unayoitafsiri inaihifadhi kwenye faili liitwalo project_save.tmx, na kwa mpangilio wa kawaida inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika 3. Mradi wangu wa vitabu vya kilimo ni wa muda mrefu, faili hilo limefika MB 24. Huduma ile, nikibadilisha sentensi moja, inapakia MB 24 zote upya. Mara 20 kwa saa, ni MB 480. Na kila safari inachukua sekunde 96, maana yake zaidi ya nusu ya muda wangu mtandao umebeba faili ambalo halijabadilika isipokuwa mstari mmoja.

Hili hakuna tangazo linalokuambia. Matangazo yote ni ya GB ngapi.

Januari 13

Nimemweleza fundi. Leo hakusema zote ni zilezile. Amevuta kiti.

"Dada, uliza kama inatuma faili zima au inatuma mabadiliko tu." Akanieleza kwa mfano wa rsync, programu ya mwaka 1996 ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Faili linakatwa vipande, kila kipande kinapewa alama yake ya hesabu, pande mbili zinalinganisha alama badala ya vipande vyenyewe, kisha kinachosafiri ni kile ambacho alama yake imetofautiana. Dropbox hufanya kitu cha jamii hiyo: hukata faili vipande visivyozidi MB 4, na hutuma tofauti tu.

Mpaka hapo nilikuwa nanunua ukubwa. Nilichokuwa nahitaji ni mjumbe anayejua kipi kimebadilika.

Januari 15

Nimeweka Dropbox kwenye mashine zote mbili. Kwenye Linux wanataka diski iwe na mfumo wa mafaili wanaoukubali, na ext4 iliyowekwa na Mint ni mmojawapo, kwa hiyo sikusumbuka.

Drew Houston, aliyeianzisha na Arash Ferdowsi mwaka 2007, amekuwa akisimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York, alipogundua kwamba flashi yake ameisahau nyumbani. Nimefurahi kusikia. Angalau mwenzangu alisahau tu, hakufuta.

Jaribio: OmegaT imefunguliwa saa nzima, nimetafsiri kama kawaida, kisha nimesoma kipimo cha data. Matumizi yote ya mashine kwa saa hiyo, pamoja na barua pepe nilizofungua, hayakufika MB 30. Nimeongeza pia muda wa OmegaT kujihifadhi kutoka dakika 3 hadi 10. Umeme ukikatika nitapoteza dakika 10. Laptopu ina betri, sina shaka.

Nimezima kile kipengele cha kuacha mafaili "mtandaoni tu". Kinakuonyesha jina la faili kwenye folda, kumbe faili lenyewe liko ng'ambo na linashuka pale unapolibofya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukadorora Afrika Mashariki nzima, nilikuwa na hukumu ya kuwasilisha keshoye. Faili langu liwe kwenye diski yangu.

Januari 19

Leo siku imeharibika, na kosa si la wingu.

Umeme ulikatika usiku ofisini. Asubuhi nimewasha kompyuta, nimetafsiri kurasa tatu, alama ya Dropbox inazunguka tu. Haiunganishi. Nafungua kivinjari, kila tovuti inadai muunganisho si salama. Nimezima rauta, nimewasha. Nimechomoa waya, nimechomeka. Nimempigia mtu wa mtandao, kaniambia kwao kila kitu kiko sawa, nami nimemjibu kwa namna ambayo itabidi nimwombe radhi.

Msaidizi wangu ndiye aliyeona. "Dada, mbona huku tumerudi 2019?" Kwenye kona ya skrini: saa saba kasoro usiku, Januari 1, 2019. Nje jua la saa nne linawaka.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, inayoiendesha saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau leo ni lini. Na vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ukiviangalia ukiwa 2019, vyote havijaanza kutumika, basi mashine inakataa kuzungumza na mtu. Fundi amefungua kasha, akatoa betri kwa ncha ya bisibisi, akaweka nyingine. Shilingi 2,000. Saa mbili zangu hazimo kwenye bei hiyo.

Kilichonitia ubaridi ni kurasa zangu tatu za asubuhi: zimehifadhiwa na tarehe ya 2019. Miaka yote ya flashi, hakimu wangu wa kuamua nakala ipi ni mpya alikuwa tarehe ya faili. Kwa hesabu hiyo, leo ningezifunika kurasa mpya kabisa nikiamini ni mabaki ya zamani. Dropbox haihukumu kwa tarehe iliyoandikwa kwenye faili. Inaangalia badiliko lako lilianzia kwenye nakala gani ya seva. Saa ilipokaa sawa, kurasa zimepanda bila neno.

Januari 26

KABATI, GB 39 na ushei, haiwezi kukaa kwenye GB 2 na sitaki kuilipia. Lakini nataka iwe kwenye mashine zote mbili.

Hapa nimetumia Syncthing, ambayo kwa kweli si wingu. Ni programu huria iliyotoka 2013. Kompyuta mbili zinapeana utambulisho mrefu wa herufi na tarakimu, kisha zinasawazishana zenyewe kwa zenyewe, data imefungwa kwa siri, hakuna seva inayokaa na mafaili yako katikati. Nimebeba laptopu mpaka ofisini, nikazichomeka zote mbili kwenye rauta kwa waya. Rauta ni ya megabiti 100 kwa sekunde. KABATI yote imevuka kwa saa moja na dakika chache, nikinywa chai, na bando halikuguswa hata MB moja.

Nilitaka kuitupa Dropbox siku hiyohiyo.

Januari 29

Sikuitupa. Nimejaribu Syncthing kwa KAZI pia, siku tatu, ikanishinda kwa sababu ya maisha yangu, si yake. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, msaidizi anazima kompyuta. Mimi nafika nyumbani saa moja, nafungua laptopu, upande wa pili umelala. Syncthing inataka wote wawili wawe macho kwa wakati mmoja.

Nyumbani kwetu tukiwa na ufunguo mmoja, anayetoka mapema anauacha kwa Mangi dukani, anayerudi anaupitia hapo. Hawalazimiki kukutana. Wingu ndiye Mangi. Duka lake halifungwi, na ndicho unachomlipa, au anachokupa bure akitumaini siku moja utalipa. Ningekuwa na kompyuta ya tatu inayowaka mchana na usiku, ningekuwa na Mangi wangu mwenyewe. Kwa bei ya luku, hapana.

Uamuzi: KAZI kwa Dropbox, KABATI kwa Syncthing mara moja kwa mwezi nikiileta laptopu ofisini.

Februari 3

Mangi naye hasomeshwi kila barua. Dropbox wanafunga mafaili kwa siri wakiwa nayo, lakini funguo wanazo wao. Kwa vitabu vya kilimo sijali. Vyeti vya kuzaliwa, talaka na hukumu za watu ni jambo lingine. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa mpaka usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi, na seva hizi haziko Kihonda.

Nimeweka Cryptomator, programu huria ya Kijerumani. Inatengeneza sanduku ndani ya folda ya KAZI. Ukilifungua kwa neno la siri unaliona kama diski ya kawaida, na kinachopanda mtandaoni ni vipande visivyosomeka, hata majina ya mafaili yamevurugwa. Neno la siri nimeliandika kwenye karatasi, karatasi iko pale zilipo hati za kiwanja. Nikilisahau, hakuna wa kumpigia.

Akaunti yenyewe nimeiwekea uthibitisho wa hatua mbili. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 60 za Dropbox zilivuja kwenye wizi wa 2012, kwa hiyo neno la siri peke yake halinipi usingizi.

Februari 5

Dogo tu: faili nililolipa jina lenye nukta mbili, "Kikao saa 3:00", limegoma kutokea ofisini. Linux inaikubali alama hiyo, Windows haiitaki kwenye majina, pamoja na alama ya kuuliza na nyota. Nimebadilisha jina. Herufi kubwa na ndogo pia: kwa Linux, Mkataba na mkataba ni mafaili mawili; kwa Windows ni moja.

Februari 9

Mgongano wa kwanza wa kweli.

Ijumaa msaidizi alifungua mradi wa kilimo ofisini, akatafsiri sehemu yake, mtandao wa jengo ukapotea mchana, akaenda zake. Mimi usiku nikaendelea na mradi uleule nyumbani. Leo kompyuta ya ofisi imeamka, imepata mtandao, ikakuta mambo mapya juu. Dropbox haikumfuta mtu: iliacha project_save.tmx yangu, na pembeni ikaweka ya kwake, jina limeongezewa jina la kompyuta na tarehe.

Zamani hapa ningelia. Leo nimelichukua faili la msaidizi, nikaliweka kwenye folda ya tm/auto ndani ya mradi, nikafungua OmegaT upya. Sentensi zake zote ambazo mimi sikuwa nimezigusa zimejijaza zenyewe. Zile tulizotafsiri wote wawili zilikuwa tisa, tumekaa tukazichagua moja moja. Saba ni zake. Alikuwa ameandika "matandazo" mahali ambapo mimi nilikuwa nimezungukazunguka kwa maneno matano.

Utaratibu mpya: anayefungua mradi anaandika kwenye kundi letu la WhatsApp "nimeingia", akifunga anaandika "nimetoka", na hafungi kompyuta kabla alama haijatulia.

Februari 12

Nimefuta folda moja makusudi kwenye laptopu. Dakika mbili baadaye haipo ofisini. Ndiyo, kufuta nako kunasawazishwa, tena upesi. Nimeingia kwenye tovuti yao nikairudisha; akaunti ya bure wanakuhifadhia vilivyofutwa siku 30. Siku ya 31 ni shauri lako. Diski ya nje niliyokuwa nimeistaafisha imerudi kazini, kila Ijumaa inapokea nakala ya KAZI na kurudi kabatini bila waya.

Februari 20

Wiki mbili bila flashi. Fundi ameiazima kuwekea wateja wake Windows.

KAZI imefika GB 1.7. Hukumu ya kesi ya ardhi imelipwa jana, kesho asubuhi naihamishia KABATI kabla Mangi hajajaa.